Kikuza Sauti Kidogo na Jirani wa Ukuta Mmoja

Katika makala zilizopita tulizungumzia Katiba, mabaraza ya vijiji na haki ya kupiga kura. Leo nitakusimulia jinsi nilivyochagua kikuza sauti kidogo na boksi lake la spika kwa ajili ya kupigia gitaa la besi nyumbani. Huenda ukadhani nimeiacha mada yetu. Vumilia kidogo, kwani katika ununuzi huo nilijifunza juu ya uraia jambo ambalo nilikuwa nikilifundisha darasani kwa miaka kadhaa bila kulielewa sawasawa.

Nakaa Kaberebere, mji mdogo wa Wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, kwenye barabara itokayo Mbarara. Malori ya matoke hupita hapa, na hapa pia hupita taksi na bodaboda ziendazo kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika, nayo yamepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukisimama sokoni kwetu kwa nusu saa, utasikia Kinyankore, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kiswahili cha Wakongo. Kwa mwalimu wa Kiswahili, mahali hapa ni kama shamba lenye rutuba.

Chumba changu kimo katika zile nyumba za kupanga za mstari mmoja ambazo huku Uganda tunaziita mizigo. Wewe unayejifunza lugha, angalia neno hilo: katika Kiswahili sanifu mizigo ni vitu vinavyobebwa, lakini mtu wa huku akikwambia kwamba anaishi kwenye mzigo, ana maana ya chumba kimoja au viwili katika safu ya vyumba vinavyochangia kuta na paa. Yetu ni safu ya vyumba sita chini ya paa moja la mabati. Kuta za matofali zinagawanya vyumba, lakini hazifiki hadi kwenye bati. Jirani akikohoa, unamwombea afya njema.

Gitaa la besi nilifundishwa na kijana mmoja Mkongo anayeishi Base Camp, huko Nakivale. Mimi nilimsaidia kuandika barua zake za kuomba kazi kwa Kiswahili sanifu, naye akanionyesha namna vidole viwili vinavyoweza kuibeba bendi nzima. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu mwezi Desemba 2021, watu wengi huitambua kwa magitaa yake membamba yanayolia juu. Kijana yule alinifundisha kusikiliza chini. Aliniambia kwamba ukiliondoa besi, wachezaji wataendelea kusimama uwanjani, lakini hawatajua tena mguu upi utangulie.

Nilipopata gitaa langu, nilitafuta kikuza sauti. Bendi moja ya Mbarara ilikuwa imevunjika na kuuza vyombo vyake, nami nikanunua kikuza sauti cha wati 300 pamoja na boksi lenye spika ya inchi 15. Sikuuliza nitakitumia wapi. Niliona ukubwa wake, nikaona bei yake ni nzuri, nikajiona nimekuwa mwanamuziki. Vijana wawili walinisaidia kukishusha kutoka kwenye gari. Kilichukua robo ya chumba, nami nikatandika kitambaa juu yake na kupanga madaftari ya wanafunzi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Mimi nilikuwa nimelinunua debe lenyewe.

Ilikuwa Jumanne, yapata saa 3 usiku. Nilikuwa nikirudia fungu moja la nyimbo, lile lile, mara ya kumi au ya kumi na tano. Nikasikia hodi ya taratibu. Nilipofungua mlango nilimkuta jirani yangu wa ukuta mmoja, mama wa makamo aliyetoka Fizi, Kongo, ambaye huuza dagaa na mafuta ya mawese sokoni. Anaishi na mjukuu wake wa kiume.

“Mwalimu, pole kwa kukusumbua,” alisema. “Ile sauti inaingiaka mpaka mu kitanda. Mutoto anaamukaka, anatafuta viatu.”

Nilimwuliza, “Viatu vya nini, Mama, usiku huu?”

“Vya kukimbia.”

Kisha, kama mtu aliyejiona amesema kupita kiasi, aliongeza haraka, “Lakini si kitu, Mwalimu. Ni kwako.” Akarudi ndani na kufunga mlango polepole, asinisumbue.

Wewe mwanafunzi wa lugha umeiona ile silabi ya mwisho katika inaingiaka na anaamukaka. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, tamati hiyo inaonyesha jambo linalotokea mara kwa mara, kama kiambishi hu- katika Kiswahili sanifu: huingia, huamka. Hakuwa ananieleza habari ya usiku ule mmoja. Mtoto alikuwa akiamka kila nilipopiga, na mama yule alikuwa amenyamaza kwa majuma kadhaa.

Nitakuwa mkweli kwako. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa la kujitetea. Ninaifahamu sheria, kwani huifundisha. Kanuni za Uganda za viwango vya kelele za mwaka 2003 huugawa muda sehemu mbili: mchana ni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, na usiku ni kuanzia saa 4 hadi saa 12 asubuhi. Kwenye majengo ya makazi, kelele isizidi desibeli 50 mchana na desibeli 35 usiku. Saa 3 usiku, kwa macho ya kanuni hizo, bado ni mchana. Kwa saa, sikuwa nimevunja chochote.

Nikaenda mbele zaidi. Nikataka kujua kama kwa desibeli pia sina kosa, na hapo ndipo niliposoma jambo lililonikosesha raha. Desibeli za kanuni hizo hupimwa kwa kipimo kinachoiga sikio la binadamu. Kwa kuwa sikio letu ni zito kwa sauti za chini sana, kipimo hicho nacho huzipunguza sauti hizo kabla ya kuzihesabu. Sauti yenye mitetemo 1,000 kwa sekunde huhesabiwa yote. Sauti yenye mitetemo 40 kwa sekunde hupunguziwa zaidi ya desibeli 34. Uzi mnene wa gitaa la besi, ule wa noti ya E, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba ningeweza kutikisa kitanda cha jirani yangu huku kipimo cha sheria kikionyesha kwamba kuna utulivu. Sheria haikuwa imemdharau mama yule. Ilikuwa tu na sikio lake, na sikio hilo halikuwa limelala kwenye kitanda cha mtoto.

Tena ukuta hausaidii. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa 41, utapata kwamba wimbi moja la noti ile lina urefu wa zaidi ya mita 8. Chumba changu hakifiki mita 4. Wimbi la namna hiyo halisimamishwi na godoro wala pazia zito, na ukuta mwembamba huliachia lipite kwa urahisi kuliko unavyoiachia sauti ya mtu anayezungumza. Ndiyo maana ukisikia muziki kutoka nyumba ya mbali huyasikii maneno ya mwimbaji; unasikia besi tu, likigonga dum, dum. Mtu asiyejua kwamba ule ni wimbo anaweza kudhani ni kitu kingine. Mtoto wa jirani yangu alikuwa na sababu zake za kudhani hivyo.

Ilikuwepo pia njia ya pili ya kisheria. Mama yule angeweza kwenda kwa mwenyekiti wa LC1 wa kijiji chetu, ambaye kazi yake ni pamoja na kusuluhisha mambo kama haya. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, na yeye kama mpangaji anayelipa kodi ana haki ya usingizi kama mimi. Lakini haki iliyoandikwa haimfikii mtu anayejihisi mgeni, anayeogopa kwamba malalamiko yake yataulizwa kwanza yanatoka wapi. Mimi ni mwenyeji, mwalimu, mwenye kalamu nyekundu. Yeye alibisha hodi kwa kidole kimoja, akaomba radhi mara mbili, akasema si kitu. Darasani nilikuwa nikifundisha kwamba kila haki ina wajibu wake. Sikuwa nimefundisha kwamba mara nyingine wajibu huo humwangukia yule mwenye sauti kubwa, kwa sababu mwenzake hawezi kuidai haki yake.

Basi niliamua kutafuta kikuza sauti cha nyumbani. Na kwa kuwa huenda wewe pia unapiga besi, au una ndugu anayepiga, nitakupitisha katika mambo niliyoyachunguza.

La kwanza ni wati. Wengi hudhani kwamba wati 30 zina sauti ndogo mara kumi kuliko wati 300. Sivyo. Ukiongeza nguvu mara mbili, unapata desibeli 3 tu zaidi, tofauti ambayo sikio linaihisi kwa kadiri. Ukiongeza mara kumi, unapata desibeli 10, na sikio huona kwamba sauti imekuwa kubwa kiasi cha mara mbili. Kwa hiyo kununua kikuza sauti kidogo na kukifungulia hadi mwisho hakutamsaidia jirani yeyote. Faida ya wati chache iko katika kitufe. Kwenye kikuza sauti changu cha wati 300, kati ya kimya na kelele palikuwa na nafasi nyembamba kama ukucha. Nikigusa tu, sauti imeruka. Chenye wati 30 kinakupa nafasi pana ya kuchagua sauti ndogo.

Tena usidharau wati hizo. Gitaa la besi la umeme lililoenea duniani, lile la Fender, lilitoka Marekani mwaka 1951, na kikuza sauti chake cha kwanza kilifuata mwaka 1952. Mwaka 1960 kampuni ya Ampeg ilitoa chombo chake cha B-15, chenye spika moja ya inchi 15 na nguvu ya takriban wati 25. Chombo hicho kilipendwa na studio nyingi za Marekani kwa miaka mingi. Ikiwa wati 25 zilitosha kurekodia nyimbo zilizochezwa dunia nzima, chumba changu cha Kaberebere kinadai nini zaidi?

La pili ni spika na wepesi wake wa kuitikia. Nyuma ya spika nyingi, au katika karatasi zake, pameandikwa desibeli inazotoa kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Mbili zinaweza kufanana kwa macho, moja ikatoa desibeli 91 na nyingine 97. Tofauti hiyo ya desibeli 6 ni sawa na kuongeza nguvu mara nne. Kwa hiyo boksi zuri lenye kikuza sauti cha wati 25 linaweza kulingana na boksi zito la kuitikia lenye wati 100. Anayekuuzia wati peke yake anakuuzia nusu ya habari.

La tatu ni ukubwa wa spika, na hapa nilipata jambo lililonifurahisha kuliko yote. Kwa kawaida, spika ndogo ya inchi 8 au 10 ndani ya boksi dogo haiwezi kutoa kwa nguvu ile mitetemo 41 ya noti ya E. Ungedhani basi noti hiyo itapotea. Haipotei. Uzi unapotetemeka mara 41 kwa sekunde, hutoa pia mitetemo 82, 123, 164 na kuendelea, inayoandamana nayo kama watoto nyuma ya mama yao. Ubongo ukiisikia mitetemo hiyo ikiandamana, hutambua mama ni nani hata kama hajaonekana, nawe unaisikia noti ya chini. Kwa hiyo spika ndogo inaniachia mimi, niliye karibu, kiasi kinachonitosha kuutambua muziki, na inapunguza ule mzizi wa chini kabisa unaopenya ukutani kwenda kitandani mwa mtu mwingine.

La nne ni boksi lenyewe. Kuna maboksi yaliyofungwa pande zote na kuna yenye tundu linalotoa upepo. Lenye tundu huongeza nguvu ya sauti za chini. Lililofungwa ni pole zaidi, na noti zake hukatika upesi. Kwa chumba chenye kuta za pamoja nilichagua lililofungwa.

La tano ni omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Kikuza sauti kikiwa kimeandikwa kwamba kiwango chake cha chini ni omu 4, unaweza kukiunganisha na boksi la omu 8 bila hofu. Kitatoa nguvu pungufu, jambo ambalo kwa nyumbani si hasara. Maboksi mawili ya omu 8 yaliyounganishwa sambamba huwa omu 4. Ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, chombo hupata joto na kinaweza kuungua. Na waya unaotoka kwenye kikuza sauti kwenda kwenye boksi uwe waya wa spika, usiwe ule mwembamba wa gitaa, hata kama vichwa vyake vinafanana.

La sita ni umeme. Kwetu umeme hukatika, na wengi tuna paneli ya sola na betri. Chombo kinachokula wati 40 kwa saa mbili kimekula wati-saa 80, pamoja na kiasi kidogo kinachopotea kwenye inveta. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, ingawa betri ya risasi haifai kumalizwa kupita nusu. Hesabu hiyo inakubalika. Na la mwisho, nilitaka tundu la visikizi vya masikioni, ili usiku nipige bila mtu yeyote kunisikia.

Jumamosi moja nilipanda taksi kwenda Mbarara nikiwa na gitaa langu mgongoni. Nilizunguka maduka ya vyombo vya muziki. Muuzaji mmoja alipoona nakagua kikuza sauti kidogo cha mtumba cha wati 30, aliniambia, “Mwalimu, hicho ni cha watoto. Utaaibika nacho.” Nikamjibu kwamba ni kwa ajili ya mtoto kweli. Hakuelewa, nami sikumweleza.

Nikamwomba aniwashie. Na hili ndilo ninalokusihi ulifanye ukienda dukani: usijaribu chombo kwa sauti kubwa. Kwa sauti kubwa vyombo vingi huvutia. Kijaribu kwa sauti ya mazungumzo, kisha kwa sauti ya mnong’ono. Piga uzi wa E, kisha wa A, kisha panda taratibu. Jiulize kama kila noti bado ina jina lake, au zimekuwa uvumi mmoja. Jua pia kwamba kwa sauti ndogo sikio letu hupoteza sauti za chini kwanza, kwa hiyo mkono utavutwa kuongeza kitufe cha besi. Uzuie. Ongeza kidogo sauti za katikati, na noti zitatokeza. Kile kidogo kilijibu vizuri. Nilikinunua pamoja na boksi lake lililofungwa, lenye spika moja ya inchi 10 na ukinzani wa omu 8, nikakiweka mapajani mwangu ndani ya taksi hadi Kaberebere.

Lakini chombo peke yake hakikumaliza kazi. Rafiki yangu wa Base Camp alipokuja kunitembelea, nilimwomba akae chumbani mwangu na kupiga. Mimi nikabisha hodi kwa jirani, nikamwomba Mama ruhusa ya kuingia na kusikiliza kutoka kwake. Alishangaa, kisha akanipa kigoda.

Kwa muda wote niliokuwa nikiishi pale, sikuwahi kukaa upande ule wa ukuta. Kulikuwa na kitanda kimoja kilichoegemea ukuta wetu, ndoo za dagaa, sufuria mbili zimetundikwa msumarini, na chini ya kitanda, jozi moja ndogo ya viatu vya plastiki, vimepangwa vikielekea mlangoni. Mtoto alikuwa amekaa kitandani akinitazama.

Kwanza nilimwomba rafiki yangu apige kwa kile chombo cha zamani, mchana ule, mtoto akiwa ameelezwa mapema kwamba ni gitaa, tena kwa kiasi nilichokuwa nikikitumia. Zile sufuria zikaanza kugongana. Nilipoweka kiganja kitandani, nilihisi mbao zikitetemeka. Wimbo sikuusikia. Fungu lile nililokuwa nimejivunia kulijua halikuwepo. Palikuwepo mngurumo tu, unaokuja na kuondoka. Nilipaza sauti kumwambia aache.

Kisha akapiga kwa kile kidogo. Tulikuwa tumeliweka boksi juu ya stuli ili lisiguse sakafu ya saruji, tukaliondoa kwenye kona, kwa kuwa kona huzidisha sauti za chini, na tukalielekeza mbali na ukuta wa Mama. Sufuria zilitulia. Sasa nilisikia noti, kwa mbali, kama mtu anayeimba akiwa kisimani.

“Hapo ni sawa, Mama?” niliuliza.

Alinyamaza kidogo, akasikiliza. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, bila kuomba radhi, “Punguza tena kidogo.”

Nikamwambia rafiki yangu kupitia ukutani, naye akapunguza.

“Tena.”

Akapunguza.

“Hapo. Hapo vizuri.”

Nilirudi chumbani mwangu, nikachukua wino mweupe ninaousahihishia maandishi, nikatia nukta kwenye kitufe mahali hasa alipopachagua. Tukakubaliana pia muda: kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, na baada ya hapo ni visikizi vya masikioni. Hakuna kanuni iliyoniambia saa 1. Tuliipanga wawili sisi, mlangoni, tukiwa tumesimama.

Kile kikubwa nilikiuza kwa kikundi cha vijana wanaopiga muziki uwanjani, huko makazini. Hapo kinafaa. Chini ya anga wazi, mbele ya watu mia wanaocheza, wati 300 si majivuno, ni hitaji. Chombo hakikuwa kibaya. Kilikuwa mahali pasipo pake.

Sitakudanganya kwamba mtoto yule sasa analala kila usiku bila kushtuka. Ngurumo za mvua bado humwamsha, na lori zito likipita barabarani bado husikia akishuka kitandani. Hayo siwezi kuyaondoa. Ninachojua ni kwamba hatafuti tena viatu vyake kwa sababu yangu. Na jioni nyingine, saa 12 hivi, huja mwenyewe, akaweka kiganja chake juu ya boksi, akasubiri nianze.

Ndugu msomaji, huenda huna gitaa. Lakini una redio, una pikipiki, una mbwa, una jenereta, una sherehe ya familia mwezi ujao. Juma hili fanya zoezi moja dogo. Nenda kwa jirani yako, bisha hodi, na umwombe akuruhusu ukae kwake kwa dakika tano usikilize nyumba yako mwenyewe. Kisha andika aya moja kwa Kiswahili juu ya ulichokisikia. Ukikosea viambishi, mimi nitakusahihishia kwa wino uleule.